Wiki Tatu Ndani ya Chumba Kimoja: Mwongozo wa Likizo ya Familia Bila Jiko la Maana

Chumba cha mita za mraba 20 hakisumbui mtu kwa usiku mmoja. Kila mmoja anatupa begi anapopata, mnalala, asubuhi mnaondoka. Kaa humo wiki tatu na mwenzi na watoto wawili, ndipo utajua kwamba hicho hicho ni chumba cha kulala, jiko, sebule, sehemu ya kufulia na, kama kuna mtu amebeba kazi, ofisi pia. Watu wengi hujiandaa kwa kununua vifaa vya kupangia vitu. Si vibaya, lakini hiyo ndiyo nusu nyepesi ya kazi. Kinachochosha ni shughuli tano kugombea sakafu ile ile kwa saa ile ile: huyu anataka kulala, yule anakaanga yai, mwingine anataka taa. Nafasi huwezi kuiongeza, ila saa unaweza kuzigawa, na karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye jambo hilo.

Hatua ya 1: Uliza maswali haya kabla ya kulipa

Picha za tangazo hupigwa kutoka kwenye kona inayokifanya chumba kionekane kikubwa. Omba picha moja iliyopigwa ukiwa umesimama mlangoni. Kisha uliza: Dirisha linafunguka? Kuna meza, au ni kijirafu tu cha kuwekea televisheni? Friji ipo, na je, ni ya chakula au ni ya kupozea vinywaji? Maikrowevu iko chumbani, iko ya pamoja, au haipo? Umeme hukatika chumbani mkitoka na kadi ya mlango? Vifaa gani vya kupikia vimekatazwa? Kitanda cha ziada kikishakunjuliwa, mlango wa bafu bado unafunguka?

Swali la vifaa vilivyokatazwa lijibiwe kwa maandishi. Sehemu nyingi huruhusu birika la umeme na kukataza chochote chenye koili ya wazi. Sufuria ya umeme ya kupikia wali hukaa katikati: wengine wanaikubali, wengine hapana, na si vizuri kulijua hilo ukiwa umeshafika nayo.

Ukilazimika kuchagua kati ya chumba kikubwa kidogo na chumba kidogo chenye dirisha linalofunguka, meza na mahali pa kutokea nje, iwe kibaraza, ua au hata ngazi pana, chukua cha pili. Mita mbili za ziada hutaziona baada ya siku tatu. Hewa na mahali pa kutokea utavihitaji kila siku.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umeme

Vifaa vinavyopasha joto hula umeme kuliko vingine vyote, na chumba cha wageni hakikujengwa kama jiko. Hesabu ni rahisi: volti mara ampea ni wati. Soketi ya volti 230 iliyowekewa kikomo cha ampea 10 inabeba wati 2,300. Kwenye nchi za volti 120, mkondo wa ampea 15 hufikia wati 1,800, nao hautakiwi kubebeshwa mzigo wote huo kwa muda mrefu. Sasa tazama kibandiko chini ya vifaa vyako. Mabirika mengi yako kati ya wati 1,500 na 2,200. Maikrowevu inayopika kwa wati 800 huvuta kiasi cha 1,200 kutoka ukutani. Sufuria ndogo ya wali ni 300 hadi 500 tu. Maana yake: birika na maikrowevu visiwashwe pamoja, bali sufuria ya wali inaweza kuendelea huku simu zikichajiwa.

Adapta ya plagi hubadilisha umbo la meno, haibadilishi volti. Kifaa cha volti 120 kikichomekwa kwenye 230 kinaungua. Cha 230 kikichomekwa kwenye 120 kinapata kama robo ya nguvu yake, na utakaa ukisubiri maji yasiyochemka. Ukitumia waya wa kurefusha umeme, unyooshe wote, maana ukibaki umeviringishwa chini ya mzigo mkubwa unapata joto. Usiupitishe chini ya zulia wala kitandani.

Jiko la gesi la kambini na mkaa haviingii ndani kabisa, hata kwa dakika tano, hata dirisha likiwa wazi. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na chumba kidogo hujaa haraka.

Hatua ya 3: Ijue friji kabla hujaiamini

Chakula kinachoharibika kinataka nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake. Friji nyingi ndogo za vyumba vya wageni zimetengenezwa kupoza soda na maji, na hazifiki hapo. Beba kipimajoto kidogo, kitie kwenye glasi ya maji, iache glasi ndani ya friji usiku kucha, soma asubuhi. Ikionyesha 4 au chini, una friji. Ikionyesha 8 au 10, una kabati la baridi: weka matunda, jemu, vinywaji na mboga ngumu, na vitu kama maziwa na nyama nunua vya kumalizwa siku hiyo hiyo. Kama umeme hukatika mnapotoka na kadi, zungumza na mapokezi wakupe kadi ya pili, au uchukulie kwamba huna friji kabisa.

Usiijaze hadi mlango uking'ang'ania kufungwa. Hewa baridi inahitaji kupita.

Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa 2, na joto la chumba likizidi nyuzi 32, saa 1. Wali ndio unaowadanganya watu kwa sababu hauonekani kama kitu cha hatari. Mbegu za bakteria wa Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, kisha wali ukiachwa vuguvugu wanazaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Kwa hiyo pika wali wa kuliwa na kwisha. Viporo vingine hukaa siku 3 hadi 4 kwenye friji nzuri. Kwenye friji dhaifu, usiweke kiporo. Na kopo likishafunguliwa, hamishia kilichobaki kwenye bakuli lenye mfuniko.

Hatua ya 4: Mlo mmoja wa moto kwa siku, basi

Hapa ndipo nina msimamo. Familia zinazojaribu kupika mara tatu kwa siku kwenye chumba kimoja huwa na chumba chenye unyevu, harufu na vyombo vichafu tangu asubuhi hadi usiku, na mtu mmoja, kwa kawaida yule yule, hana likizo. Chagua mlo mmoja wa kupika. Milo miwili mingine iwe ya maji ya moto tu, ya baridi, au ya nje. Binafsi naupika mapema jioni, kama saa 11, ili ifikapo saa 1 usiku chakula kimeliwa, vyombo vimeoshwa, harufu imetoka na chumba kimerudi kuwa cha kulala. Mkiamua kula nje, nendeni mchana. Usiku watoto wamechoka, na hakuna anayefurahia kula huku akimshikilia mtu anayesinzia juu ya sahani.

Birika. Kwanza chemsha maji mara moja na uyamwage, kwa kuwa hujui aliyekutangulia alilitumiaje. Kisha litumie kwa maji peke yake. Maziwa hugandia na kuungua chini, supu huacha harufu isiyotoka. Maji ya moto pekee yanapika vitu vingi kuliko watu wanavyodhani: oti, tambi nyembamba za mchele, unazoziloweka dakika kama tano na kumwaga maji, na kuskusi, kipimo kimoja kwa kipimo kimoja cha maji yanayochemka, unafunika dakika 5 na kuichambua kwa uma. Changanya na samaki wa kopo, nyanya na limau, mmepata mlo usiotaka jiko.

Maikrowevu. Kiazi cha ukubwa wa wastani, ukikitoboa kwa uma sehemu kadhaa, huiva kwa dakika 5 hadi 7. Mboga zilizokatwa sawasawa na vijiko viwili vya maji, zikifunikwa bila kubanwa, dakika 3 au 4. Mayai yapigwe ndani ya kikombe kikubwa na kukorogwa kila baada ya nusu dakika. Yai zima lenye ganda usiliweke, hata kwa mzaha, kwa kuwa mvuke ukikosa pa kutokea hulipasua, wakati mwingine mkononi mwako baada ya kulitoa. Maji matupu yaliyopashwa humo nayo yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, kisha yakafumuka ukiyatikisa, kwa hiyo tia kijiti cha mbao kabla ya kuwasha. Ukipasha kiporo, koroga katikati na uhakikishe kinatoa mvuke kote, si pembeni tu.

Sufuria ya umeme ya wali, kama imeruhusiwa, ndiyo ningeipa nafasi kwenye sanduku kuliko kifaa kingine chochote. Inafaa kuelewa inavyofanya kazi: maji yakiwepo, joto la chini ya sufuria haliwezi kupita nyuzi 100 kwa mengi. Maji yakiisha linapanda, swichi inaachia. Ndiyo maana wali hauungui. Na ndiyo maana supu haizimiki yenyewe: maji yapo, swichi inasubiri. Ukipika dengu nyekundu, ambazo hazihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 20 hivi, kaa karibu na uzime mwenyewe. Kama ina kikapu cha kupikia kwa mvuke juu, weka karoti, kabeji au mayai yaliyooshwa juu ya wali unaochemka, na mlo wote utatoka kwenye soketi moja.

Maharage mekundu makavu yaache kwa likizo hii. Yana lektini, protini yenye sumu inayoharibiwa tu kwa kuchemshwa kwa nguvu angalau dakika 10 baada ya kulowekwa, na chupa ya chai au chombo kinachopika kwa moto wa chini havifikishi joto hilo. Ya kopo yameshapikwa, hayana shida.

Chupa ya chai yenye mdomo mpana ni jiko la usiku. Isuuze kwa maji yanayochemka ili ipate joto, mwaga, tia oti na maji mapya ya moto, funga. Asubuhi uji uko tayari kabla mtoto hajafungua jicho la pili.

Kuhusu vyombo: bakuli moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja kwa kila mtu, kila mtu na rangi yake. Ongeza kisu kimoja chenye ala, ubao mwembamba na mabakuli matatu yenye mifuniko. Ukiwa na mabakuli kumi na mawili, yote kumi na mawili yatakuwa machafu ifikapo jioni. Ukiwa na manne, mtu analazimika kuosha lake ili ale.

Hatua ya 5: Kuosha vyombo bafuni bila kuugua

Nunua beseni dogo la plastiki liwe la vyombo tu. Futa mafuta na mabaki kwa karatasi kwanza na kuyatupa kwenye taka. Mafuta yakipita kwenye sinki la bafu hugandia kwenye bomba, na sinki likiziba mmekosa pa kuoshea vyombo na pa kunawia uso kwa mpigo. Sponji ya vyombo isikae karibu na miswaki, na mfuniko wa choo ufungwe kabla ya kuvuta maji. Taka zote za chakula zitoke kila usiku kabla ya kulala. Mkipitisha usiku mmoja, sisimizi wataanza kupanga nao.

Hatua ya 6: Mgawanyo wa nafasi

Huu ni wa haraka. Mlangoni: viatu na mabegi ya kutokea. Mezani: jiko, na birika liwe nyuma, waya wake usining'inie ukingoni mahali mkono wa mtoto unafika. Chini ya kitanda: masanduku, dogo ndani ya kubwa. Kila mtu ana begi moja au droo moja, na chochote kilichozidi hapo kinakaa ndani ya sanduku. Njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni iwe tupu kila usiku, kwa sababu ya anayekwenda chooni gizani na kwa sababu ya moto.

Maji ya moto ndiyo hatari kubwa kwenye chumba kama hiki. Mtu akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yaliyo baridi ya kawaida kwa dakika 20. Si barafu, si siagi, si dawa ya meno. Jeraha kubwa, au la usoni, mpeleke hospitali.

Hatua ya 7: Gawa saa

Andika ratiba kwenye karatasi na uibandike kwenye kabati. Isiwe kali kama ya bweni. Inatosha kuonyesha chumba ni cha nani na ni cha kazi gani kwa wakati gani.

Asubuhi, mtu mzima mmoja atoke na watoto wote mara tu wanapomaliza kula, na mwingine abaki peke yake kwa saa nzima. Afanye anachotaka: kazi, kuoga bila kugongewa mlango, kulala tena. Kesho mnabadilishana. Watu huona aibu kuomba saa hii, kana kwamba likizo ya familia ni kiapo cha kutotengana. Iwekeni kwenye ratiba ili asiwepo wa kuiomba.

Mchana, saa ya ukimya. Kila mtu kitandani kwake au kwenye kona yake, na kitabu, michoro au vipokea sauti masikioni. Mdogo atalala. Mkubwa atalalamika siku mbili kisha atazoea. Wazazi nao wanafuata sheria hiyo hiyo, hakuna kuitumia kupanga safari ya kesho kwa sauti ya chini inayosikika na wote.

Usiku ndio mgumu zaidi. Watoto wakilala saa 2, watu wazima wamebaki gizani wakiogopa kupindua ukurasa. Njia ninayoipenda ni kuwachelewesha watoto kulala kwa saa moja kwa muda wote wa likizo, na wakubwa kulala mapema kidogo, hadi pengo libaki dogo. Pengo lililobaki lijazwe na taa ndogo ya kubana iliyoelekezwa ukutani, au kibaraza kama kipo na mlango wake unaonekana kutoka kitandani. Bafu nalo linafaa kusomea, ukiweka mto juu ya mfuniko. Usishuke mapokezi na kuwaacha watoto wadogo peke yao.

Mtoto mchanga apate mahali pake pa kulala, pagumu na bapa, pasipo mito, mbali na kamba za pazia na kifaa cha kupasha joto. Sofa si mahali pake, hata kama usiku huo inaonekana ndiyo pekee iliyobaki.

Mkiwa na mvutano, kuna kanuni moja ninayoitetea: neno lolote gumu linasemewa nje. Chumbani hakuna faragha, na watoto waliofumba macho wanasikia kila kitu. Tembeeni kwa zamu au subirini saa ya kubadilishana. Nusu ya maneno hayo hayatakuwa na haja ya kusemwa mkishafika nje.

Siku ya mvua ipangieni kabla haijafika: maktaba ya umma, ukumbi wa kusubiria wa jengo lenyewe, basi la mjini mnalopanda hadi mwisho wa njia na kurudi nalo. Mtu akianza kutapika au kuharisha, apewe kitanda kilicho karibu na bafu, taulo na kikombe chake, na wengine washinde nje kadiri iwezekanavyo. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, kwa kuwa jeli ya kutakasia mikono haifanyi kazi vizuri dhidi ya norovirusi, mmoja wa wasababishi wakuu wa ugonjwa huo.

Hatua ya 8: Nguo na unyevu

Fueni kidogo kila jioni, msisubiri rundo. Kamua, tandaza nguo juu ya taulo kavu, viringisha pamoja na ukanyage. Taulo litanyonya maji mengi. Nailoni na poliesta hukauka usiku mmoja, jinzi hazikauki, kwa hiyo jinzi moja kwa mtu inatosha.

Usitundike hanga kwenye kinyunyizio cha maji ya kuzimia moto kilicho darini. Ndani yake mna kichupa cha kioo chenye kimiminika, na kile chekundu kimewekwa kipasuke kwenye nyuzi 68. Lakini hata pigo la hanga linaweza kukivunja, na maji yakianza hayasimami hadi mtu afunge vali ya jengo. King'amuzi cha moshi nacho kisifunikwe. Kama mvuke wa birika unakiamsha, hamisha birika. Wakati wa kupika na kuoga, dirisha wazi na feni ya bafu iwake, la sivyo vioo vitalia machozi asubuhi na mashuka yatakuwa na ubaridi wa unyevu.

Hatua ya 9: Siku za mwisho

Siku tatu kabla ya kuondoka, acha kununua chakula isipokuwa mkate na matunda. Pikeni kilichobaki, hata kama mlo utakuwa na mchanganyiko wa ajabu. Usiku wa mwisho msipike: sufuria ya wali ikifungwa kwenye sanduku ikiwa na unyevu itanuka, na nguo zote zitanuka nayo, kwa hiyo ioshe siku moja kabla na uiache wazi ikauke. Asubuhi, mtu mmoja tu abaki ndani kukagua huku wengine wakisubiri nje na mizigo. Aangalie soketi zote kwa chaja, nyuma ya mlango wa bafu, chini ya vitanda, ndani ya mashuka kwa mdoli wa mtoto, na friji mwisho kabisa. Apige picha ya chumba kilivyo, kisha arudishe kadi zote mbili.